Talaka ya Redioni

"Usivuke hapo, Matano. Aliyemo ndani si mkeo tena."

Matano alisimama mlangoni na mfuko wake wa mikate, shati limemganda mgongoni. Alikuwa ametoka Mombasa alfajiri, na kipande cha mwisho cha kufika Bodo alikuja kwa miguu.

"Shemeji Abdurahman, pokea salamu kwanza. Asalaam alaikum."

"Wa alaikum salaam. Juzi umemwacha dada yangu kwa talaka tatu. Nimekusikia mwenyewe, dukani kwa Thoya, na waliokuwapo wote wamesikia."

"Ule ni mchezo wa redio, shemeji!"

"Talaka haichezewi."

Matano aliketi chini papo hapo, vumbini. Mwaka ule wa 1958 alikuwa ametimiza miaka sita ya kuigiza redioni, na tangu aanze hajapewa kuigiza mtu mwema hata mmoja. Mlevi, yeye. Mwizi wa kuku, yeye. Sasa alikuwa Bwana Fundo, mume katili, na watu wa pwani walimchukia bila kumwona.

"Mwanapili mwenyewe anasemaje?"

"Hajasema neno. Kesho twende kwa kadhi."

Walikwenda wote watatu. Kadhi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Matano.

"Ulitamka jina gani?"

"Mwanaima, Sheikh. Ni mke wa kwenye mchezo."

"Na mkeo ni Mwanapili. Ulinuia kumwacha?"

"Nilikuwa ninasoma karatasi, Sheikh. Wallahi sikunuia."

"Basi hapana talaka. Mchukue mkeo mwende nyumbani."

Abdurahman aliomba radhi, akampa shemejiye mkono. Lakini Mwanapili alijifunika uso kwa leso, akalia kwa kwikwi. Abdurahman alidhani ni furaha. Matano hakudhani hivyo.

Njiani alimwacha Abdurahman atangulie.

"Mwanapili, ulikuwa hujui kuwa ni mchezo?"

"Nilijua."

"Kaka yako akaamini, nawe ukamwacha aamini?"

"Nilimwacha."

"Kwa nini, mke wangu?"

"Nimechoka, Matano." Hakupandisha sauti. "Unakuja mwisho wa mwezi, siku mbili. Watu wanajaa uani, 'tufanyie Bwana Fundo', nawe unawafanyia mpaka koo linakukauka. Wakiondoka, unalala. Mimi ninapata mgongo wako. Nilipokusikia ukimwacha yule mwanamke, nilisema moyoni, laiti ningekuwa mimi, nijue moja."

Maneno yaliyomjia Matano yote yalikuwa yameandikwa na watu wengine.

"Nami nimechoka," alisema mwishowe. "Nilikuwa ninangoja siku watakaponipa mtu mwema. Nikasema siku hiyo ndipo nitakapokuita Mombasa, usikilize ujivunie."

"Miaka sita?"

"Miaka sita."

"Mimi sikutaka kujivunia. Nilitaka tuzungumze."

Walitembea mpaka mikokoni.

"Ukiitaka talaka ya kweli nitakupa," Matano alisema. "Sitakuzuia kwa nguvu."

Mwanapili alisimama.

"Kaa mwezi mmoja kwanza. Usimfanyie mtu sauti yoyote. Kisha nitakujibu."

Matano aliandika barua ya kuacha kazi, akakaa. Alipasua kuni vibaya, akateka maji, akagombana na mkewe juu ya chumvi. Walizungumza, mara nyingine kwa hasira. Mwezi ulipita, Mwanapili hakujibu, naye Matano hakuuliza.

Kisha barua ikaja kutoka Mombasa. Matano aliisoma amesimama uani, akacheka mpaka akakohoa.

"Kuna nini?" Mwanapili aliuliza.

"Wananiita nirudi. Wamenipa mume mwema, tena ndiye mhusika mkuu wa mchezo."

Mwanapili aliacha kukuna nazi.

"Utawajibu nini?"

"Nitawaambia kazi hiyo ninayo huku, na bado sijaijua."

Mwanapili hakucheka. Alijisogeza kwenye mkeka, akamwachia nafasi ya kukaa.