Mawaridi ya Majitaka

Mwanamume anayeshinda kwenye matangi ya majitaka akirudi nyumbani ananukia mawaridi, mke ana haki ya kuuliza. Honorata hakuuliza. Alilinusa shati, akalikunja, akalikunjua, akalinusa tena.

Hii ilikuwa Same, enzi za Mwingereza, mwaka ule serikali ilipojenga matangi chini ya stesheni kupokea uchafu wa mji. Mumewe Asheri, aliyeshuka naye kutoka Usangi, ndiye aliyekabidhiwa mlango wa maji. Kila jioni aliufungua, maji yaliyokwisha kutulia yakateremka korongoni hadi mtoni, na mto ukayapeleka Pangani, baharini. Kazi ya kunuka, lakini yenye mshahara. Sasa ikawa hainuki, na Honorata akajua kuna mwanamke.

Kwanza suruali ilirudi imelowa magotini. Baada ya siku chache, kiunoni. Chakula Asheri anakigusa tu, anakonda, na ukimsemesha anatabasamu, tena si kwako.

Marashi pale mjini akiuza Bi Mwanaasha, mjane wa sokoni. Honorata alimwendea na shati mkononi, salamu kaiacha nyumbani.

"Mume wangu unampaka nini?"

Bi Mwanaasha, aliyebakiwa na meno mawili, alicheka. "Mimi huyu? Umenitukuza, mwanangu. Hebu lete." Alinusa mara moja tu, kicheko kikakatika. "Haya sikuuza mimi. Mumeo akifungua maji husema nini?"

Honorata akafikiri. "Anaita zamu. Kwetu milimani ukifungua ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, sharti uulize zamu ni ya nani, na mwenye zamu aitike. Ni mazoea tu, bibi. Majitaka nani atayataka?"

"Mimi kwetu Pangani," bibi akasema, sauti ameishusha. "Pale mto unapokutana na bahari, pale maji yenu yanapoishia, pana mwenyewe, wala si mtu. Mumeo kaita, naye kaitika. Amepanda na mto kuja kuchukua fungu lake. Maji yakimfika mumeo kichwani, humpati tena. Nenda ukafunge kwa mkono wako, useme zamu imekwisha. Ukiulizwa neno, usijibu."

Jua lilikuwa linazama Honorata alipokaribia matangi, na harufu ya mawaridi ikampokea tangu mbali, nzito, ya kukaba koo, na kadiri alivyosogea ndivyo vyura walivyonyamaza, mpaka ikabaki sauti ya maji peke yake, na ndani ya sauti ya maji mwanamke anaimba chini chini, na hapo akamwona Asheri katikati ya tangi, maji kifuani, uso umetulia, mkono wake mmoja umenyooshwa mbele, umeshikwa na kitu asichokiona Honorata. Hasira ndiyo iliyomfikisha kwenye mlango wa maji, akaushusha.

"Zamu imekwisha," akasema. "Fungu lako umepata."

Wimbo ukakatika. Akaingia majini, akamshika Asheri mkono uliobaki, akavuta. Hakuvutika, upande wa pili nako kulikuwa kunavutwa.

"Sasa zamu ya nani?" sauti nyororo ikauliza, sikioni kabisa.

Onyo alilikumbuka. Lakini mke aliyelala na shaka siku zote zile, mumewe kashikwa, akiulizwa hivyo na mwanamke mwenzake, atanyamaza?

"Yangu," akasema Honorata.

Asheri akaachiwa. Akatoka mle ananuka kama choo cha stendi, na Honorata akamkumbatia hivyo hivyo, akilia kwa furaha.

Jumapili walikuwa wanakula makande, Asheri amepata hamu, anaongeza sahani. Mara akainua pua.

"Mama Yudith, marashi umeyatoa wapi?"

Honorata alikuwa anatazama pindo la kanga yake. Lilikuwa linadondosha maji, na tangu asubuhi hakuwa ametoka nje.