Tumefika Mnarani

Kulipopambazuka tu, kabla hata muuza maziwa hajapiga kengele ya baiskeli yake, Kiberenge alikuwa tayari mlangoni amevaa raba. Jina hilo, la kigari cha reli, alipewa na majirani. Walisema akianza kukimbia kwenye vichochoro vya mji ule wa kale, hasimami mpaka afike kituoni, na atakayemzibia njia shauri yake. Mama yake, ambaye alikuwa dobi, alikuwa uani akiloweka mashuka ya nyumba ya wageni. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafunga kamba za viatu kwa utaratibu wa mtu anayefungasha mizigo ya safari ya mbali.

"Baba, jua litatuwahi!"

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

"Na polepole nayo haishushi sukari," Mama alijibu kutoka uani. "Ondokeni!"

Baba alikuwa fundi viatu. Kutwa nzima alikaa kwenye kibanda chake karibu na lango la mji, akishona soli za watu. "Mji mzima unatembea kwa mikono yangu," alipenda kusema, "ila mimi mwenyewe nimekaa." Watu walicheka, naye akacheka nao, mpaka siku daktari alipompima na kumkuta na kisukari. Daktari alimpa dawa, akamkataza soda, akamwambia awe anakimbia taratibu kila asubuhi. Tena alimwonya aitazame miguu yake kila siku, na akiona mchubuko, hata uwe mdogo namna gani, aende hospitali upesi.

Mama hakucheka hata kidogo. Baba yake mzazi, yaani babu yake Kiberenge, alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, akamalizia maisha yake kwenye kiti akitazama nje ya dirisha. Kwa hiyo Mama alimwita binti yake kando.

"Wewe ndiye mwenye mbio humu ndani," alisema. "Nakukabidhi baba yako. Uende naye mpaka mnara wa taa, na urudi naye."

"Usijali, Mama."

Njia yenyewe ilikuwa tamu kwa mtu apendaye kukimbia. Ilianza kwenye kichochoro ambacho wanene wawili hawawezi kupishana, ikapita chini ya lango la mawe, ikafuata ukuta wa ngome wenye mizinga iliyoshika kutu. Baada ya ngome mji uliisha ghafla. Kijia kilikata katikati ya mashamba ya chumvi, kikapinda kwenye mikoko na kutokea ufukweni, kwenye nyumba kuukuu ya mawe isiyo na paa. Hapo ndipo kilima kilipoanzia, na juu yake ulisimama mnara wa taa.

Siku za mwanzo walifika wote wawili, Baba akihema na kulalamika kwamba kilima kimeongezwa usiku. Kisha asubuhi moja akasimama kwenye ile nyumba isiyo na paa, akaegemea ukuta.

"Leo nenda peke yako. Mimi nitakungoja hapa."

"Umechoka, Baba?"

"Kidogo tu. Nenda, nenda."

Kiberenge alipanda kilima, akaugusa mnara, akashuka. Aliporudi alimkuta Baba ameinama ukingoni mwa maji, anachota maji ya bahari kwa viganja na kujimwagia kwenye shati, kifuani na mgongoni.

"Baba! Unafanya nini?"

"Natoka jasho," Baba alisema, akamkonyeza.

Kiberenge alicheka mpaka akakaa mchangani. Baba naye akacheka, halafu akashusha sauti. "Hii siri yetu, sawa? Mama yako ana wasiwasi mwingi. Kesho nitafika."

Nyumbani Mama aliwapokea mlangoni. "Mmefika mnarani?"

"Tumefika," Kiberenge alijibu.

Neno lilimtoka kwa wepesi. Yeye alikuwa amefika kweli, kwa hiyo uongo wote uliingia ndani ya ile "tu" ya mwanzo, na ile "tu" haikuwa na uzito wowote. Siku ile alishinda na furaha ya mtoto aliyeaminiwa siri na mtu mzima.

Lakini ile kesho ya Baba haikufika. Kila asubuhi aliishia kwenye nyumba isiyo na paa, kila asubuhi "alitoka jasho", na kila asubuhi Kiberenge akasema, "Tumefika." Baada ya muda akaona Baba anachechemea kidogo wakati wa kurudi. Alipomuuliza, Baba alisema mguu umekufa ganzi kwa kukaa.

Siku moja Mama akamwita uani. "Hebu njoo hapa. Shati hili la baba yako nalifikicha, sabuni haitoi povu. Jasho gani hili?"

"Ni... tulioga baharini, Mama."

"Kila siku?"

"Joto, Mama."

Mama akamwaga maji yale na kuanza upya. Uongo wa kwanza ulikuwa umepita kooni vizuri. Huu wa pili ulimkwama Kiberenge kama mwiba wa samaki.

Siku ya kurudi kwa daktari ilipofika, Mama alikuwa na mashuka ya kupeleka, kwa hiyo Kiberenge ndiye aliyemsindikiza Baba. Daktari alikuwa mama mpole aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba. Alimtoboa Baba kidole, akatazama kipimo, akakunja uso.

"Fundi, sukari imepanda badala ya kushuka. Dawa unameza?"

"Nameza."

"Na mazoezi?"

"Kila asubuhi, daktari. Mpaka mnarani."

"Mpaka mnarani?" Daktari aliweka kalamu chini. "Basi dawa hii haikufai. Mtu anayekimbia kiasi hicho sukari yake isingekuwa hivi. Itabidi nikupe kali zaidi." Akamgeukia Kiberenge na kutabasamu. "Na wewe ndiye mwenzake? Mnafika mnarani kila siku?"

Baba alimtazama binti yake. Akamkonyeza, lakini mara hii uso wake haukucheka.

"Tu..." Kiberenge alianza, akaishia hapo. Alimkumbuka babu yake kwenye kiti cha dirishani. Alifikiria dawa kali ikiingia mwilini mwa baba yake kwa ajili ya mbio ambazo hakuzikimbia. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba akilimalizia neno lile atamdhuru. Machozi yakamtoka.

"Nafika mimi," alisema. "Baba anaishia kwenye ile nyumba isiyo na paa. Nisamehe, Baba."

Baba aliinamisha kichwa. Daktari hakufoka. "Kwa nini unaishia pale, fundi?"

"Uvivu tu, daktari."

"Si uvivu," Kiberenge alisema akijifuta pua. "Anachechemea."

Daktari alivaa miwani yake, akasogeza kiti mbele. "Vua viatu."

Baba alisita. Kisha akavua kiatu cha kulia, na baada ya kiatu, soksi. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na kuiva, na ubavuni mwake kulikuwa na kidonda kinachotoa usaha. Kiberenge alimshika baba yake mkono.

"Umeumizwa na nini?" daktari aliuliza.

"Kiatu."

"Kiatu gani?"

"Nilichoshona mwenyewe." Baba alicheka kicheko cha aibu. "Daktari, mimi ni fundi viatu. Nikamwambie nani kwamba nimechubuliwa na kiatu changu mwenyewe? Si nitafunga kibanda!"

"Heri ufunge kibanda kuliko kukosa mguu wa kuvalia kiatu," daktari alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa mwenye kisukari kidonda kama hiki huenda kisiume sana, na ndivyo kinavyomdanganya. Kikianza kuoza, sukari nayo hupanda. Ungekaa nacho kidogo zaidi, leo tungekuwa tunazungumza habari za kukata kidole." Akavaa glavu, akaanza kukisafisha. "Huyu mtoto hajakuchongea, fundi. Amekuokoa."

Nyumbani Baba alimweleza Mama kila kitu kwa mdomo wake mwenyewe. Mama alifoka. Alimfokea Baba, akamfokea Kiberenge, akalifokea hata shati lililokuwa kwenye kamba. Halafu akakaa chini, akafunika uso kwa viganja na kulia. Kiberenge akamwendea.

"Nilikukabidhi baba yako," Mama alisema.

"Najua, Mama. Nimekosa."

"Umekosa, kisha umetengeneza. Njoo hapa." Akamvuta kifuani, akamkumbatia kwa mikono yake yenye harufu ya sabuni.

Baba alikwenda hospitali kufungwa kidonda kila alipotakiwa, na akanywa dawa zake bila kusukumwa. Alishona viatu vipana vyenye ngozi laini, na kila mteja aliyeuliza sababu aliambiwa ukweli. Wengine walimtania sana. Wengine walirudi nyumbani kimyakimya wakatazama miguu yao. Kidonda kikapona, sukari ikaanza kushuka, na daktari akamruhusu kutembea, si kukimbia.

Asubuhi ya kwanza walitoka pamoja, Kiberenge akipunguza mwendo ili amngoje. Kwenye mashamba ya chumvi Baba alikaa juu ya jiwe, akapumua.

"Siku ile kwa daktari," alisema, "niliona aibu mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze."

"Bado umenikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa lipi? Sikiliza, mwanangu. Siri nzuri humlinda mtu. Ikianza kumla, usiitunze tena, hata kama ni baba yako ndiye aliyekuomba. Mimi ndiye niliyekosa kwanza, maana mtoto habebeshwi uongo wa mkubwa. Lakini ulipoona unaniumiza uliutua. Hivyo ndivyo mtu anavyompenda mwenzake."

Kiberenge alimwegemea begani. "Na Mama akiuliza leo tumefika wapi?"

"Mwambie baba yako amefika kwenye chumvi, akachoka, akakaa. Usiniongezee hata hatua moja." Akamsukuma kidogo. "Haya, kiberenge kisilale kituoni. Kimbia!"

Kiberenge akatimua mbio. Alipofika kwenye mikoko aligeuka kutazama nyuma. Baba alikuwa ameshainuka kwenye lile jiwe, anakuja taratibu.