Haikuwa Karuho

Kila Jumapili, baada ya misa, mimi na mume wangu Cyprien tulipita kwa jirani yetu wa Kadutu, Maman Domitille. Yeye hutengeneza na kuuza kasiksi, pombe ya ndizi. Alitumiminia, tukanywa, tukacheka. Hatukuwa na wasiwasi wowote.

Mwaka jana Cyprien akaanza kukonda. Usiku jasho lililowesha shuka. Tumbo likavimba upande wa kushoto, chini ya mbavu, likawa gumu. Kwetu Bukavu, mtu akikonda hivyo, wengi hawaulizi daktari. Wanauliza alikunywa kwa nani. Wakasema ni karuho, ile sumu ya polepole. Na mimi, mjinga wa wajinga, nikataja jina la Domitille. Nililitaja kwenye bomba la maji, mbele ya wamama wote.

Mganga mmoja wa kienyeji kutoka Walungu akampa Cyprien dawa za kutapisha. Miezi minne mume wangu alitapika, mpaka akashindwa kusimama. Miezi ile inaniuma hadi leo.

Ndipo akaja Gisèle, mtoto wa dada yangu, ambaye ni muuguzi. Alimgusa tumbo, akabonyeza chini ya mbavu.

"Maman Mapendo, hii ni bandama ndiyo imevimba. Tupime damu kwanza."

Hospitalini walikuta chembe nyeupe za damu zimezidi mno. Kipimo cha pili kikathibitisha: kansa ya damu, ile inayokwenda polepole. Nililia. Nilijua ni kifo.

Gisèle alinikalisha chini. Akaeleza kwamba chembe nyeupe ni walinzi wa mwili, lakini za Cyprien zinazaliwa bila kipimo na kujaa kwenye bandama. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautoki kwenye glasi ya mtu. Zamani dawa zilikuwa chache. Leo kuna vidonge vya kuuzuia, na wagonjwa wengi wanaishi miaka mingi.

"Lakini musikie muzuri," alisema. "Atakunywa kidonge kila siku, akiisha kula, na maji mengi. Hata akijisikia muzima, asiache bila munganga wa hospitali kusema. Na kila randevu, ile siku ya kurudi hospitali, damu ipimwe."

Nikauliza kwa sauti ndogo: "Basi Domitille hakufanya kitu?"

"Hakufanya kitu, maman."

Sasa tumbo la Cyprien limerudi chini. Amerudi kwenye cherehani yake. Kila asubuhi, baada ya uji, ninampa kidonge na ninamtazama akimeza.

Nilirudi kwenye bomba lile lile, nikaomba msamaha mbele ya wamama wale wale. Domitille alinishika mkono, akasema yameisha. Lakini wateja wake waliomkimbia hawakurudi. Maneno yangu yalikuwa yamewafikia wote, msamaha wangu haukuwafikia.

Jumapili iliyopita alituita. Cyprien alipewa chai. Mimi nilimiminiwa kasiksi. Zamani alinipa glasi moja kwa moja. Safari hii alionja yeye kwanza, mbele ya macho yangu, ndipo akanipa.

"Usionje, yaya," nilimwambia, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

"Kunywa tu," alijibu. "Nimeisha zoea kuonja kwanza."