Namba ya Baba Amepewa Mgonjwa Mwingine

Hospitalini, baba alibonyeza kengele ya mkononi ya kuita manesi mara kumi na mbili… hakuna aliyekuja!

Manesi walikimbia, tena mbio kweli. Ila walikimbilia chumba cha mgonjwa mwingine, wakamkuta anasoma gazeti lake. Baba walimkuta sakafuni baada ya dakika arobaini.

Jamani, mfumo wa hizo kengele niliutengeneza mimi!

Ngoja niwaeleze, msinikimbie. Ndani kabisa ya mfumo kuna kiini, ndicho kinachogawa namba zinazowaonyesha manesi ni mgonjwa gani anaita. Kengele ikiwaka inaomba namba, ikizimika namba inarudi. Kazi yangu ilikuwa kubuni hiyo njia ya kuomba na kurudisha, na nilisisitiza kitu kimoja: namba ikirudi, ipumzike saa nzima kabla ya kupewa mwingine, ili kengele iliyozimika kidogo iikute bado ni yake.

Kengele ya baba ilizimwa dakika mbili tu, wabadilishe betri. Dakika mbili! Namba yake, saba, akapewa mgonjwa mpya. Kengele ya baba ikawaka ikidhani saba bado ni yake.

Kumbe kuna mtu ameondoa lile pumziko…

Na wenye ruhusa ya kugusa kiini tulikuwa wawili: mimi na Jirani, kaka wa meza ya pili. Ofisi nzima, ndiye pekee niliyekuwa nakula naye mchana.

Nikamvaa mbele ya bosi.

"Ulitaka kumuua baba yangu!"

"Dada, fungua kwanza kumbukumbu za mabadiliko…"

"Sitaki hata kusikia sauti yako!"

Bosi akamwambia akakae nyumbani mpaka wachunguze. Jirani akachukua kikombe chake na sweta, akaondoka.

Ndipo nikafungua kumbukumbu.

Pumziko: sifuri. Aliyebadilisha: MIMI!

Wiki tatu nyuma, kwenye majaribio, namba zilikuwa zinaisha haraka. Nikaweka sifuri "kwa muda tu", nikasahau. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa Jirani ambao sikuwahi kuufungua:

"Dada, rudisha saa nzima kabla mfumo haujaenda hospitali. Mzee wako yuko kule."

Nililia pale pale kwenye kiti.

Nikamwambia bosi ukweli, kisha nikapiga simu.

"Kaka, nisamehe. Ni mimi."

"Najua. Mzee anaendeleaje?"

"Kavunjika nyonga, ila yu hai."

"Afadhali."

"Rudi kazini basi…"

"Hapana, dada. Pale nilikuwa na rafiki mmoja tu."

Akakata.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, kabla hujamrukia mtu, soma kwanza alichokuandikia. Mimi nimechelewa, na upweke huu nimejitafutia mwenyewe.

Leo asubuhi meza ya Jirani amepewa mfanyakazi mpya. Haikupumzika hata saa moja.