Kengele ya Uji na King'ora cha Bibi

Haya, kaeni. Miguu ndani, vidole vitoke mdomoni. Leo ni habari ya Chausiku na darasa lake. Darasa lile, jamani! Lilitaka kumtoa mtu machozi.

Chausiku alikuwa darasa la kwanza. Mwili mdogo, sauti kubwa. Ndiyo maana Mwalimu Mhina alimfanya kiranja.

Nyumbani, Chausiku aliishi na Bibi. Zamani Bibi alifanya kazi katika kiwanda cha mkonge. Majani ya mkonge yaliingia upande huu, nyuzi nyeupe zikatokea upande ule. Bibi alizianika juani, kama nguo.

Kila asubuhi king'ora cha kiwanda kililia. Vuuuuuu! Kijiji kizima kiliamka.

Kisha kiwanda kikafungwa, mashine zikanyamaza. Sasa pale ni makumbusho. Watu huenda kuziangalia zile mashine za zamani.

"Natamani nikisikie tena kile king'ora," Bibi alisema kila mara. "Hata mara moja tu."

Siku moja Mwalimu Mhina akasema, "Watoto, Ijumaa tunakwenda makumbusho ya mkonge!"

"Yeeee!"

"Na mlinzi wa pale atatupigia king'ora!"

"Yeeeeee!"

"Lakini!" Mwalimu akainua kidole. "King'ora kikilia, wote tuli. Mikono nyuma. Pale pana mashine, si mahali pa mbio. Alhamisi Mwalimu Mkuu atakuja kuwatazama. Mkikimbia, hakuna safari."

Chausiku akanyoosha mkono. "Mwalimu, Bibi yangu aje naye?"

"Aje," Mwalimu akasema. "Safari ikiwepo."

Basi, mazoezi yakaanza. Watoto wakapanga mstari uwanjani. Mwalimu hakuwa na king'ora, kwa hiyo akashika chuma, akagonga ile rimu ya gari iliyoning'inia nje ya darasa. Rimu ile ile inayogongwa kila siku uji ukiiva.

Ngo! Ngo! Ngo!
Vikombe juu, mbio jikoni!

Mstari uko wapi? Haupo! Wote wako jikoni. Na mbele kabisa ni Singano, mwenye kikombe kikubwa kuliko kichwa chake.

"Uji haujaiva!" mpishi akafoka, mwiko juu.

"Loo!" Chausiku akapiga mguu chini. "Si tumesema tusimame? Nimechoka na nyie!"

Wakarudi. Wakapanga mstari tena. Mwalimu akasema polepole, "Mkisikia, mnasimama. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu!"

Ngo! Ngo! Ngo!
Vikombe juu, mbio jikoni!

"Loo!" Chausiku akashika kichwa. "Sikio la kufa halisikii dawa! Nimechoka na nyie!"

Siku iliyofuata Chausiku akaleta kamba ndefu ya katani. Ilikuwa ya Bibi. "Kila mtu ashike kamba," akasema. "Mikono miwili. Tuone nani atakimbia."

Wote wakashika. Wakatulia. Mwalimu akatabasamu. Akagonga.

Ngo! Ngo! Ngo!
Kamba juu, mbio jikoni!

Darasa zima likakimbia na kamba yake! Na Chausiku, ambaye aliishika mwishoni, akaburutwa mpaka mlangoni kwa mpishi. Burrrr! Vumbi tupu!

"Uji haujaiva!" mpishi akafoka.

Mwalimu Mhina akakaa chini kwenye jiwe. "Leo maji yamezidi unga," akasema.

"Uji?" Singano akauliza. "Uji una maji mengi?"

"LOO!" Chausiku akapiga kelele. "NIMECHOKA NA NYIE!"

Akaenda nyumbani analia. Bibi alikuwa anachambua mchicha.

"Bibi, hatutakwenda," Chausiku akasema. "Hutakisikia king'ora chako. Tunagongewa kengele tusimame, na wao wanakimbilia uji. Kila siku uji! Uji! Uji!"

Bibi akacheka mpaka mchicha ukamwagika.

"Unacheka, Bibi?"

"Mjukuu wangu, hata sisi pale kiwandani, kengele ya chakula ikigongwa, tulitimua mbio. Na wa mbele nilikuwa mimi."

Chausiku akafuta machozi. Akafikiri. "Kumbe ile ni kengele ya chakula," akasema. "Nani atasimama, akiitwa kula? Bibi, hebu lia kama king'ora."

Bibi akavuta pumzi.

Vuuuuuuuuu!

Kuku wakasimama. Mbuzi akaacha kutafuna. Chausiku naye akasimama tuli, mikono nyuma.

Alhamisi Bibi akaenda shuleni, na khanga yake mpya. Watoto wakapanga mstari. Mwalimu Mkuu akatoka ofisini na kikombe chake mkononi, uso umekunjwa.

"Darasa hili?" akasema. "Nikiona nitaamini."

Bibi akavuta pumzi.

Vuuuuuuuuu!

Wote tuli. Mikono nyuma. Hata nzi alisikika.

Lakini mpishi, jamani! Yupo jikoni, habari hana. Uji wake umeiva. Akatoka mpaka kwenye rimu, akashika chuma.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Mungu wangu," Mwalimu Mhina akanong'ona, akafunika macho.

Mguu wa Singano ukainuka. Chausiku akamtolea macho. Mguu ukatetemeka. Mguu ukashuka.

Vuuuuuuuuu! Bibi aliendelea, shingo imemtoka mishipa. Mstari haukutikisika.

Lakini mtu mmoja alikimbia. Nani?

Mwalimu Mkuu! Kikombe juu, mbio jikoni!

Alipofika mlangoni akakumbuka. Akasimama. Akageuka polepole. Watoto wote walikuwa wanamtazama, mikono nyuma.

"Loo, Mwalimu Mkuu," Chausiku akasema kwa sauti ndogo. "Tumechoka na wewe."

Mwalimu Mkuu akacheka mpaka kikombe kikaanguka. "Nendeni," akasema. "Nendeni makumbusho! Mimi ndiye nitakayebaki, nifanye mazoezi."

Usiku ule Chausiku akalala karibu na Bibi. Khanga mpya ilikuwa imekunjwa tayari kitini.

"Chausiku," Bibi akaita. "Kesho kile king'ora kikilia, nitaweza kusimama tuli kweli? Naona nitalia."

"Lia tu, Bibi," Chausiku akasema. "Lakini usikimbie. Mimi nitakushika mkono."

"Na mikono nyuma?"

"Mmoja nyuma. Mmoja kwangu."

Bibi akamfunika shuka. Kisha akaimba taratibu, karibu na sikio lake.

Vuuuuuuuu...

Na Chausiku akatulia tuli, akalala.