Simu za Sylvie

Asubuhi hiyo mkahawa wa lablabi pale mtaani Bab Souika ulifurika, kila mteja akijimegea mkate bakulini kabla ya kumiminiwa supu ya dengu. Wajdi aliviona kwanza vipande vya mkate vikimponyoka mwanamke mmoja na kudondoka mezani. Kisha akaliona koti jekundu alilomnunulia mchumba wake yeye mwenyewe.

"Olfa! Kumbe mzima? Simu zangu zote hizo huzioni, au mwenye kazi haongei na sisi makapuku?"

"Usinianzie, Wajdi." Sauti ilikuwa imekauka kabisa.

Wachumba hawa walipendana kazini, kwenye kampuni ya kupokea simu za wateja wa Ufaransa, ambako kila mfanyakazi hupewa jina la Kifaransa. Wajdi alikuwa Marc, Olfa alikuwa Sylvie. Kabla ya Ramadhani kampuni ikapunguza watu, Wajdi akiwemo. Olfa akabaki, na mtaa mzima ukampongeza. Pongezi gani hizo!

"Wateja wako nimebebeshwa mimi," Olfa alisema. "Silali. Tumbo linawaka moto. Juzi mwenzetu kazimia kitini, tukaambiwa tugawane simu zake! Sasa simu yoyote ikilia, hata yako, natapika. Natapika kweli, Wajdi!"

Wajdi akanywea. Kumbe muda wote huo alikuwa akimnunia mgonjwa.

"Acha kazi, kipenzi."

"Halafu tule nini, mapenzi? Wewe huna kazi, na mimi niache?"

"Basi hasira zako nimalizie mimi, ila usinikimbie. Tuoane hivi hivi tulivyo. Unasemaje?"

Olfa akafungua mdomo, na maneno yakamtoka yenyewe, kwa Kifaransa laini chenye tabasamu: "Asante kwa kutupigia, bwana. Mimi ni Sylvie. Kuna jingine la kukusaidia?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Wajdi hakucheka. Olfa aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakimtiririka.

"Lipo," Wajdi alisema taratibu. Akavuta bakuli la mchumba wake, akaanza kummegea mkate. "Naomba kuzungumza na Olfa."

Olfa alimtazama akimega hadi mkate ukaisha.

"Anaumwa," akajibu hatimaye, kwa sauti yake mwenyewe iliyokwaruza. "Lakini amekubali."