Mita Tatu Chini ya Godoro

Kila siku nikitoka shule, kabla sijavua hata sare, kazi yangu ilikuwa moja: kufuta vumbi la mbao kwenye vyombo vya baba na kuvirudisha sandukuni. Baba ni fundi seremala, bingwa wa mapaa. Randa mahali pake, misumeno mahali pake, nyundo mahali pake. Juu ya vyote hukaa futikamba yake ndefu ya kitambaa, mita thelathini, yenye pete ya chuma mwanzoni, ikiwa imejikunja ndani ya kasha la ngozi. Hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuichezea. "Msumeno ukikosea, nitakata ubao mwingine," baba alikuwa akisema. "Futi ikikosea, nyumba nzima ya watu imekosea."

Nyumbani waliniita Chiriku, kwa sababu mdomo wangu haukujua kupumzika. Mama alikuwa akitania kwamba siku nikinyamaza ataniitia daktari. Basi wiki ile nilinyamaza, na wala hakuna daktari aliyeitwa.

Balaa lilianza Jumatatu. Kamba yetu ya kuruka ilikuwa imekatika, na rafiki zangu wawili, pacha wa nyumba ya pili, walikuwa uani wananisubiri. Baba hakuwepo. Nikasema moyoni, kwani itadhuru nini? Nikaitoa futikamba. Pacha mmoja akashika mwanzo, mwenzake akashika mbele kidogo, wakaizungusha, nami nikaruka. Tamu kweli! Mara mguu wangu ukakanyaga vibaya. Chwaa! Ikachanika palepale kwenye alama ya mita tatu.

Pacha walitimua mbio, hao rafiki zangu wa kufa na kuzikana. Nilibaki peke yangu na vipande viwili mkononi. Nikachukua mkasi wa mama, nikanyoosha pale palipochanika, nikaichomoa ile pete na kuishonea upya kwenye alama ya tatu kwa uzi mweusi, mshono safi ambao hata mama angeusifu. Kile kipande kilichobaki nikakiviringisha na kukisukuma chini ya godoro langu. Funika kombe mwanaharamu apite, nikajiambia. Baba hupima mbao kwa futi yake ndogo ya chuma; ile ndefu hutoka siku ya kupima kiwanja tu. Niliona siku hiyo iko mbali sana.

Kumbe ilikuwa Ijumaa.

Dada yangu mkubwa alikuwa amepata kazi ya utangazaji katika redio ya mji ulio mbali, kilomita tisini, nyuma ya vilima. Jumatano akapiga simu: Jumamosi saa nne asubuhi atasoma taarifa ya habari kwa mara ya kwanza. Mama alilia, akacheka, akalia tena. Baba akawasha redio yetu, akazungusha kitufe weee, ikatoa mikwaruzo tu.

"Mtoto wangu asikiwe na kila mtu isipokuwa mimi?" baba akasema. "Thubutu!"

Kesho yake tulikwenda kwa fundi redio. Alikuwa na antena mbili za nje zinazoning'inia ukutani, moja ya duara inayong'aa, nyingine kama mbavu za samaki.

"Nataka ile ya duara," baba akasema. "Inavutia."

"Fundi mwenzangu, unanunua pambo au unanunua sauti?" fundi redio akacheka. "Ile ya duara ni kama mtu mbea. Inasikia pande zote, lakini umbea wake wote ni wa jirani. Hii yenye vijiti vitano inatazama upande mmoja tu, na huko inafika mbali. Kituo chako ni kimoja, na unajua kilipo. Chukua hii, uielekeze vilimani, uiweke juu ya mlingoti wa mita tisa. Mabomba matatu, kila moja mita tatu. Ukipunguza hapo utasikiliza mikwaruzo mpaka uzeeke."

Kisha akaweka bisibisi yake chini, na kicheko kikatoweka usoni pake.

"Umeme unapita wapi kwenu?"

"Mbele ya nyumba, juu ya njia."

"Nisikilize vizuri. Mlingoti wa mita tisa ukianguka, unalala mita tisa. Ongeza mbili. Kutoka mguu wa mlingoti hadi chini ya waya ziwe mita kumi na moja, zisipungue hata shubiri. Bomba la chuma likigusa ule waya, aliyelishika haachii. Nilimzika mdogo wangu kwa sababu ya mita moja, ndugu yangu. Mita moja tu."

"Pole sana," baba akasema kwa sauti ya chini. "Tutapima. Futi ninayo."

Mimi nilikuwa nyuma yao nimekumbatia ile antena. Nikatamani kurudi shuleni, japo shule ilikuwa imefungwa saa ile.

Ijumaa alasiri nilipofika nyumbani baba alikuwa tayari uani, kasha la ngozi mkononi. Lazima niwaeleze kuhusu ule waya. Mwaka uliopita lori liligonga nguzo, nguzo ikainama, waya ukalegea ukaning'inia chini kuliko mahali pengine popote mtaani. Ulikuwa unavuma mchana kutwa, mmm, mmm, mpaka tukauzoea. Siku ile chini yake alilala kunguru, amekufa, mabawa wazi. Mama alimsogeza kwa ufagio.

"Wa pili huyu mwezi huu," akasema. "Huu waya, mimi siupendi."

Baba alichagua pembe ya baraza, kwa sababu kutoka pale kebo ya antena ingefika dirishani bila kuungwa. "Chiriku, shika pete hapa. Ibane chini, usiiachie."

Nikaibana. Uzi mweusi ulikuwa chini ya kidole gumba changu. Baba akarudi nyuma akiikunjua futi, mpaka akafika chini ya waya, akainama akasoma.

"Kumi na moja na sentimita ishirini!"

Alisimama. Akanitazama mimi, akautazama waya, akatembea kuja kwangu akihesabu hatua kimoyomoyo. Uso wake ulikunjamana.

"Ajabu. Macho yangu yananiambia hapa ni karibu."

"Si upime tena," mama akasema.

Akapima tena. Nikaibana pete tena. Kumi na moja na sentimita ishirini.

"Basi macho yanazeeka," baba akasema, akacheka kidogo. "Futi hii ninayo miaka kumi na saba, haijanidanganya hata siku moja."

"Baba…" nikaita.

"Naam, mwanangu?"

"Hamna kitu."

Hamna kitu! Mimi, Chiriku, niliyekuwa nikisimulia hata ndoto za paka! Sikuogopa fimbo, baba si mtu wa fimbo. Niliogopa kumwona akiniangalia kama mtu asiyenijua. Nikajidanganya kwamba mlingoti hauanguki ovyo, kwamba baba ni fundi, kwamba Mungu yupo. Jioni hiyo alichimba shimo. Usiku nikalala juu ya zile mita tatu, nikigeuka huku na kule, nazihisi mgongoni kama jiwe.

Jumamosi kulikucha na wingu zito. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, uwanja ulikuwa umeloa na kamba za kuinulia mlingoti zimeloa. Fundi redio alifika mapema. Mlingoti ulilala uani, mabomba matatu yameungwa, antena imefungwa kichwani.

"Mmepima?" aliuliza.

"Mara mbili. Kumi na moja na ushee."

Fundi redio aliutazama waya kwa muda mrefu. "Pananitia wasiwasi hapa. Umepima kwa futi gani?"

"Kwa yangu."

"Basi kama ni yako, sina neno," akasema. Akaokota kamba yake. Mama akaokota nyingine. Baba akatema mate viganjani, akainama, akalikumbatia bomba la chuma kwa mikono yote miwili. Juu yetu waya ulivuma.

"Tayari? Moja… mbili…"

Sijui miguu yangu ilitoka wapi. Nilikimbia nikajitupa juu ya mlingoti, nikaukalia kabisa.

"Usinyanyue, baba! Usinyanyue!"

"Wewe mtoto umepandwa na nini?" mama akafoka. "Saa zinakwenda! Toka hapo!"

"Futi ni fupi! Niliikata mimi! Mita tatu ziko chini ya godoro langu!"

Nikakimbia ndani, nikarudi na kile kipande, nikamwekea baba mkononi. Alikikunjua juu ya goti lake. Moja. Mbili. Tatu. Akalifungua kasha la ngozi, akaivuta pete karibu na macho, akaupapasa ule uzi mweusi kwa kidole. Kisha akaenda sandukuni akatoa futi yake ndogo ya chuma, akapima upya kutoka shimoni, akiweka alama kwa msumari kila ilipoishia.

"Nane," alisema. "Nane na sentimita ishirini."

Mama aliachia kamba akaketi chini, palepale kwenye tope. Fundi redio alivua kofia yake, akaivaa tena, akavua.

Nilingoja baba angurume kama radi. Aliokota jembe. "Shimo jingine," akasema bila kunitazama. "Kule nyuma, kando ya ukuta wa jiko. Wewe utazoa udongo." Tulichimba. Mara hii alipima kwa futi ya chuma kutoka shimoni mpaka chini ya waya: kumi na moja na nusu. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Wakainua. Mlingoti ulipanda polepole, antena ikitikisika juu. Ulikuwa umekaribia kusimama wima kamba ya mama ilipoteleza viganjani kwa ule utelezi wa mvua. Bomba likayumba. Likaegemea upande wa njia.

"Achieni!" baba akapiga kelele. "Kimbieni! Achieni!"

Lilianguka kwa kishindo kilichotikisa madirisha. Kijiti kimoja cha antena kilipinda. Ncha ya mlingoti ililala topeni, na kutoka hapo hadi chini ya waya zilibaki hatua mbili na kidogo.

Hatua mbili tu. Waya ulikuwa unavuma vilevile.

Fundi redio alitembea mpaka kwenye lile shimo la kwanza, la pembe ya baraza. Alilitazama, akauangalia waya, akarudisha macho shimoni. "Lingeanguka kutoka hapa…" akaanza, akashindwa kumaliza. Mimi nilimaliza moyoni: baba, mama, na yeye. Nikalia kwa sauti, sikuona haya.

Walikausha kamba kwa matambara, wakazifunga mafundo, wakainua tena. Saa nne kasoro dakika mbili mlingoti ulisimama, na fundi redio akaunga kipande cha kebo ili ifike dirishani. Baba akauzungusha taratibu kuelekea vilimani, mimi dirishani na redio.

"Bado… bado… imezidi, rudisha… hapo!"

Mikwaruzo ikanyamaza, na kutoka nyuma ya vilima, kilomita tisini, sauti ya dada ikaingia uani kwetu: "Hii ni taarifa ya habari ya saa nne." Ilitetemeka neno la kwanza, kisha ikakaa sawa. Mama alijiziba mdomo kwa khanga. Baba alisikiliza yote amesimama nje, kiganja juu ya mlingoti, machozi yanamtiririka.

Taarifa ilipoisha akaniita. Futikamba ilikuwa mkononi mwake, na kile kipande.

"Kitambaa kuchanika ni ajali," alisema. "Hata mimi nimeharibu vyombo vya watu. Ungeniambia Jumatatu, ningenuna mpaka jioni, basi, yamekwisha. Kilichotaka kutuua si huku kuchanika." Akaweka kidole kwenye uzi mweusi. "Ni hii pete uliyoirudisha. Futi iliyokatika kila mtu anaiona, hakuna atakayeiamini. Futi iliyokatika ikashonewa pete inaaminiwa. Mimi nimeyakana macho yangu nikaiamini hii."

"Nisamehe, baba."

"Nilikusamehe ulipoukalia mlingoti. Ila sikia, mwanangu. Umechelewa siku tano, na ilibaki niseme 'tatu' tu tuinue. Siku nyingine usisubiri nihesabu."

Kile kipande alikipigilia ukutani, juu ya sanduku la vyombo. Hajawahi kunitajia tena. Ila kila jioni nikimaliza kufuta vumbi huniuliza, "Vyote vizima?" Jana nilimjibu, "Hapana, baba. Nimeangusha randa, ulimi wake umepata pengo."

Aliinua ile randa, akaitazama kwenye mwanga, akanuna.

"Haya," akasema. "Lete jiwe la kunolea. Pengo ninalolijua halinikati."